Maumivu baada ya upasuaji: kupunguza dawa kali bila kumwacha mgonjwa alie

Katika juma la mwisho la Januari 2025 mambo mawili yalitokea katika miji iliyo mbali sana. Goma ilikuwa katikati ya vita. Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba kati ya tarehe 26 na 30 watu wasiopungua 700 waliuawa na 2,800 walijeruhiwa. Hospitali ya CBCA Ndosho, ambako waganga wa upasuaji wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa wanafanya kazi na wenzao wa kwetu, ilipokea majeruhi kuliko vitanda vyake. Kyeshero na hospitali nyingine za mji zilikuwa katika hali hiyohiyo.

Tarehe 30 ya mwezi huo, huko Marekani, mamlaka inayosimamia dawa iliruhusu kidonge kipya cha kutuliza maumivu makali, kinachoitwa suzetrigine. Sifa yake kubwa ni kwamba hakimo katika jamii ya afyuni, yaani ukoo wa mofini, kodeini, tramadoli na fentanili. Kilijaribiwa kwa watu waliotoka kupasuliwa mguu au tumbo, na katika majaribio hayo hakikuishinda dawa ya zamani ya jamii ya afyuni iliyolinganishwa nacho. Bei iliyotangazwa ni dola 15.50 kwa kidonge kimoja, na mgonjwa anahitaji viwili kila siku.

Habari hizi mbili zinahusu swali moja: tutamtulizaje maumivu mtu aliyepasuliwa, bila dawa yenyewe kugeuka kuwa ugonjwa wa pili? Swali hilo limekwisha kufika kwetu. Limekuja ndani ya miongozo, mafunzo na mazungumzo ya wafadhili, likiwa limefupishwa kuwa wito wa maneno machache: punguzeni dawa za jamii ya afyuni. Kwa kuwa hospitali nyingi za mashariki ya Congo ziko mikononi mwa jumuiya zetu, ni lazima kanisa liupime wito huu kabla ya kuupokea. Sisi tunaona kwamba una ukweli ndani yake, na una hatari pia kama utapandikizwa kwetu jinsi ulivyo.

Wito huu ulizaliwa wapi

Ulizaliwa mahali palipozidi dawa. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ilianza kuuza OxyContin huko Marekani, na wauzaji wake waliwaambia madaktari kwamba hatari ya kutawaliwa na dawa hiyo ni ndogo. Haikuwa ndogo. Kampuni ilikiri makosa ya jinai mbele ya mahakama ya Marekani mwaka 2007, ikakiri tena mwaka 2020. Mnamo Novemba 2025 jaji aliidhinisha mpango ambao kampuni na familia ya Sackler iliyoimiliki watalipa zaidi ya dola bilioni 7. Katikati ya miaka hiyo nyumba nyingi zilipata msiba. Mwaka 2021 peke yake watu zaidi ya 106,000 walikufa Marekani kwa kuzidisha madawa ya kulevya, na kama 80,000 kati yao dawa za jamii ya afyuni zilihusika. Wakati huo wengi walikuwa wanauawa na fentanili ya magendo, lakini kwa watu wengi mlango wa kwanza ulikuwa karatasi ya daktari.

Mlango mmojawapo ulikuwa chumba cha upasuaji. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 uliwafuata wagonjwa zaidi ya 36,000 waliopasuliwa, ambao kabla ya hapo hawakuwa wakitumia dawa hizi. Miezi mitatu hadi sita baadaye, wakati kidonda kimekwisha kupona, kama 6 kati ya kila 100 walikuwa bado wanazichukua. Na iwe upasuaji ulikuwa mdogo au mkubwa, tofauti ilikuwa ndogo sana. Jambo la pili lililoonekana ni kwamba wagonjwa wengi walirudi nyumbani na vidonge kuliko walivyohitaji. Vilibaki kabatini, na mtoto au jirani akavikuta.

Katika jimbo la Michigan waganga waliamua kuandika vidonge kwa kadiri ya vile ambavyo wagonjwa walivitumia kweli. Wastani ukashuka kutoka vidonge 26 hadi 18 baada ya upasuaji, na wagonjwa hawakusema kwamba wameumia zaidi. Hilo ni somo zuri. Lakini tusisahau juu ya msingi gani lilijengwa. Mgonjwa wa Michigan aliyepewa vidonge vichache alikuwa na parasetamoli na ibuprofeni nyumbani, alikuwa amechomwa dawa ya ganzi kabla ya kutoka hospitalini, na alikuwa na namba ya simu ya kumpigia muuguzi usiku. Kwake walipunguza kilichozidi.

Kwetu njaa na mafuriko vimekuja pamoja

Mwaka 2017 tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la tiba la The Lancet ilipima jinsi dunia inavyogawana dawa hizi. Kila mwaka zilikuwa zinagawanywa tani 298.5, zikihesabiwa kwa kipimo cha mofini. Inchi maskini kabisa, ambazo yetu ni mojawapo, zilipata zote pamoja tani 0.1. Mtu akigawa mikate 3,000 na kuwapa maskini wote mkate mmoja, hatuwezi kumwambia maskini kwamba tatizo lake ni ulafi.

Ndiyo maana neno "kupunguza" linakuja vibaya masikioni mwa muuguzi wa wadi ya majeruhi. Mofini iko chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961. Kila inchi hutangaza kadirio la mahitaji yake ya mwaka, kila shehena huhitaji kibali, na kila ampuli huandikwa katika daftari na kufungiwa kabatini. Utaratibu huo una maana yake. Lakini katika mashariki yetu, ambako uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mnamo Januari 2025 na ambako mamlaka ya dawa yako Kinshasa huku njia zimekatwa na mistari ya vita, mofini haisafiri kama chumvi. Hospitali inayopasua kila siku inaweza kukaa muda mrefu bila hata ampuli moja.

Upande wa pili ni mafuriko, na jina lake tunalijua sote: tramadoli. Dawa hii nayo ni ya jamii ya afyuni, ingawa ni dhaifu kuliko mofini. Haikuwekwa chini ya mkataba wa kimataifa. Shirika la Afya Duniani limekuwa likisitasita kuomba iwekwe, kwa sababu katika inchi nyingi maskini ndiyo dawa pekee ya maumivu makali ambayo mgonjwa anaweza kuipata. Wafanyabiashara waliuona mwanya huo. Kwa kawaida kapsuli ya hospitali ina miligramu 50. Katika masoko ya Afrika ya Magharibi vilionekana vidonge vya 200, 225 na hata 250, vilivyotengenezwa ili kulevya, si kutibu. Huko Nigeria uchunguzi wa taifa ulikadiria kwamba watu milioni 4.6 walitumia dawa za jamii ya afyuni bila sababu ya matibabu katika mwaka mmoja. India, ambako vidonge vingi vilitengenezwa, iliiweka tramadoli chini ya sheria ya madawa ya kulevya mnamo Aprili 2018.

Hatuhitaji kwenda Nigeria ili tujue. Katika miji yetu tramadoli inauzwa kidonge kwa kidonge, bila karatasi ya daktari. Anainunua motari anayetaka kuendesha tangu alfajiri hadi usiku, mchimbaji anayetaka kusahau mgongo wake, na kijana aliyeshika silaha ambaye hataki kuogopa. Na ananunua vilevile gadimaladi, yule ndugu anayelala sakafuni kando ya kitanda cha mgonjwa, akiwa na karatasi mkononi na feza kidogo. Kwake ni dawa ya hospitali kama nyingine. Hajui kwamba ni kidonge kilekile kinachomtawala kijana wa jirani.

Ndipo tunapata hali ya ajabu. Ndani ya wadi, ambako kuna muuguzi, daftari na kipimo, dawa kali haipatikani. Nje ya ukuta, ambako hakuna anayemtazama mgonjwa, inapatikana kwa wingi. Mtu akituambia tupunguze dawa hizi bila kusema ni wapi, tutapunguza pale zinapopungua na kuziacha pale zinapozidi.

Tramadoli si dawa ndogo

Kwa kuwa haina jina la kutisha kama mofini, wengi wanadhani tramadoli haina hatari. Ukweli ni kwamba nguvu yake kubwa hutokea baada ya ini kuigeuza. Maini ya watu hayafanani. Mtu mmoja huigeuza polepole na haoni nafuu. Mwingine huigeuza upesi mno, na kipimo cha kawaida kinakuwa kama kipimo kikubwa, hata kupumua kunapungua. Huwezi kumjua mtu huyo kwa kumtazama usoni. Pia tramadoli inaweza kuleta mishtuko kama ya kifafa, hasa kipimo kikizidi au ikichanganywa na dawa nyingine au pombe.

Kwa sababu hiyo mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataza isipewe watoto walio chini ya miaka 12, na ikaonya mama anayenyonyesha asiitumie, kwa sababu hupita katika maziwa. Tufikiri basi juu ya upasuaji tunaoujua kuliko wote katika zoni zetu za afya, yaani kuzaa kwa kupasuliwa. Mama anatoka hospitalini siku chache baadaye akiwa na mshono mbichi na mtoto anayenyonya. Akiumia usiku, mume anakimbia kwenye farmasi ya pembeni, anarudi na tramadoli. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini hakuna pia aliyemwambia kwamba mtoto atakunywa dawa hiyo pamoja na maziwa.

Kupunguza kwa kuongeza

Je, tuache basi? Hapana. Kuna njia ya kupunguza dawa kali ambayo inafaa kwetu kuliko hata Marekani. Tangu miaka ya 1990 daktari wa upasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, na wenzake wamefundisha kwamba maumivu yasishambuliwe kwa silaha moja kubwa, bali kwa nyingi ndogo kwa pamoja. Maumivu husafiri. Yanaanza kwenye kidonda, yanapita katika mishipa ya fahamu hadi uti wa mgongo, kisha yanafika kwenye ubongo. Katika kila kituo kuna mlango unaoweza kufungwa nusu. Ukifunga milango mitatu nusunusu, dawa kali inayohitajika inakuwa kidogo sana, na mara nyingi haihitajiki kabisa.

Vitu vingi vya kufungia milango hiyo vimo katika orodha ya dawa za lazima, na bei yake si ya dola 15 kwa kidonge. Dawa ya ganzi, lidokaini au bupivakaini, ikichomwa kandokando ya jeraha kabla ya kushona, au karibu na mshipa wa fahamu wa mguu au mkono, inampa mgonjwa saa kadhaa za utulivu wakati maumivu yangekuwa makali zaidi. Ganzi ya mgongo kwa mama anayezaa kwa kupasuliwa inajulikana katika hospitali nyingi. Pale ambapo mofini na uangalizi vipo, kiasi kidogo sana, kama sehemu ya kumi ya miligramu moja, kikitiwa pamoja na ganzi hiyo huweza kumtuliza mama karibu siku nzima. Ketamini, ambayo waganga wetu wanaitegemea kwa sababu inafanya kazi hata mahali pasipo umeme wala mashine, ikitolewa kwa kipimo kidogo hupunguza haja ya mofini. Mwaka 2015 palikuwa na shauri la kuiweka ketamini chini ya udhibiti wa kimataifa. Shirika la Afya Duniani lilipinga, likijua kwamba vyumba vingi vya upasuaji vya inchi maskini vingefungwa.

Kisha kuna parasetamoli na dawa za ukoo wa ibuprofeni. Wengi wanazidharau kwa sababu tunazimeza kwa kichwa na homa. Lakini zikitolewa zote mbili, kwa kipimo alichoandika daktari na kwa saa zilizopangwa, nguvu yake ni kubwa kuliko sifa yake. Neno "kwa saa" ndilo lenye uzito. Mara nyingi katika wadi zetu dawa hutolewa mgonjwa akilia. Wakati huo maumivu yamekwisha kupanda mlima, na kuyashusha kunahitaji dawa kali. Dawa ikitolewa kabla ya ile ya kwanza kuisha nguvu, mlima hauanzi. Jambo hili halihitaji mashine. Linahitaji saa ya ukutani, karatasi ya kitanda na muuguzi ambaye hajaachiwa wagonjwa 40 peke yake.

Tahadhari ni lazima. Ibuprofeni na wenzake zinaweza kuumiza figo za mtu aliyepoteza damu nyingi au asiyekunywa maji, na zinaweza kuwasha vidonda vya tumbo. Majeruhi wa risasi mara nyingi yuko katika hatari hiyo. Parasetamoli ikizidi inaharibu ini. Kwa hiyo hata dawa hizi ndogo zinapaswa kuongozwa na mganga anayemjua mgonjwa.

Na kuna yasiyotoka katika farmasi. Mgonjwa aliyeelezwa kabla ya upasuaji nini kitafanyika, na jinsi atakavyojisikia akiamka, huogopa kidogo, na hofu huongeza maumivu. Mguu uliovunjika ukishikiliwa vizuri na kuinuliwa, maumivu yanashuka. Mto mdogo wa kukumbatia tumboni humsaidia aliyepasuliwa akikohoa. Kuwapo kwa ndugu, wimbo wa sauti ya chini, maombi yasiyopigiwa kelele kitandani, hayo nayo yana kazi yake. Ila yasiwekwe mahali pa dawa.

Mbona kazi yote hiyo, mtu anauliza, na maumivu yatapita yenyewe? Hayapiti bure. Aliyepasuliwa tumbo asiyeweza kukohoa kwa uchungu hukusanya makohozi na kupata nimonia. Asiyeweza kusimama huweza kupata damu iliyoganda miguuni. Mama anayeumia anashindwa kumshika mtoto. Na maumivu makali ya siku za kwanza yakiachwa, kwa watu wengine hubaki miezi na miaka, kama wengi waliokatwa mguu wanavyojua wanaposikia uchungu katika mguu ambao haupo tena.

Pale mofini inapohitajika

Baada ya milango yote kufungwa nusu, bado watakuwako wagonjwa ambao hayo hayatoshi: aliyeungua mwili, aliyekatwa kiungo, aliyefunguliwa tumbo lote kwa sababu ya vipande vya bomu. Kwao kupunguza dawa kali mpaka sifuri kungekuwa ukatili. Wanahitaji mofini kwa siku chache, kwa kipimo kinachoandikwa, na muuguzi anayehesabu pumzi zao. Panahitajika pia naloksoni, dawa inayoamsha pumzi iliyozimwa na dawa za jamii hii, iwe katika kabati lilelile.

Jirani yetu Uganda anatufundisha kwamba jambo hili linawezekana bila utajiri. Tangu mwaka 1993 Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman, ilitumia mofini ya maji ya kunywa, inayotengenezwa kwa unga na maji kwa gharama ndogo. Mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika, kwa kuwa madaktari hawakutosha. Kazi hiyo ililenga hasa wenye saratani na UKIMWI, siyo waliopasuliwa. Lakini ilionyesha kwamba mofini inaweza kuwafikia maskini vijijini bila kugeuka biashara ya barabarani, mradi kuna ufunguo, daftari na mtu aliyefundishwa. Huruma na udhibiti vinaweza kukaa katika kabati moja.

Tunavyofikiri kama waamini

Kuna mahubiri yanayofanya maumivu kuwa kipimo cha imani. Tumeyasikia katika wadi za uzazi, ambako mama anaambiwa anyamaze kwa sababu Hawa aliadhibiwa, na kando ya vitanda vya majeruhi, ambako mtu anakumbushwa kwamba Bwana wetu alikataa divai iliyotiwa manemane msalabani, kama Marko anavyosimulia katika sura ya 15. Ni kweli alikataa. Lakini ile ilikuwa njia yake mwenyewe, aliyoichagua kwa ajili yetu. Katika Injili zote nne hatumwoni akimwambia mgonjwa aliyemwendea avumilie tu. Alisimama, akauliza, akagusa.

Mabishano haya si mapya. Mwaka 1847, daktari James Simpson wa Edinburgh alipoanza kutumia klorofomu kwa wanawake wanaozaa, wapo waliopinga kwa jina la dini. Alijibu kwa Mwanzo 2:21: Mungu mwenyewe alimlaza Adamu usingizi mzito kabla ya kutoa ubavu. Hatusemi kwamba mstari huo uliandikwa ili kufundisha nusukaputi. Tunasema kwamba anayetaka kutumia Maandiko kumnyima mgonjwa dawa atakuta Maandiko hayakubaliani naye.

Na Msamaria wa Luka 10 alifanya mambo mawili. Kwanza alimimina mafuta na divai katika majeraha, akayafunga. Pili, jambo tunalolisahau, alilipa nyumba ya wageni kwa siku zilizofuata na akaahidi kurudi kulipa kilichozidi. Sisi tunachangisha kwa upasuaji, kisha tunarudi nyumbani. Siku za baada ya upasuaji, ambazo zina maumivu zaidi, tunamwachia mgonjwa na gadimaladi wake, na ndipo farmasi ya pembeni inapochukua nafasi yetu.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijua maiti. Hakuna mashine inayopima maumivu ya mtu mwingine. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya muuguzi ni kuuliza, kwa namba toka 0 mpaka 10 au kwa maneno ya lugha ya mgonjwa, na kuamini jibu. Mwanaume aliyefundishwa kwamba hapaswi kulia atasema hana neno. Tumuulize tena.

Vivyo hivyo kwa yule aliyekwisha kutawaliwa na tramadoli. Yumo katika kwaya zetu na katika vikundi vya vijana, na wengine walianzia kwenye kidonda cha kweli. Kumtoa mbele ya kanisa hakumponyi. Kumlazimisha aache ghafla kunamletea jasho, tumbo kukata, kutetemeka na usiku bila usingizi, naye hurudi kununua. Anahitaji mganga wa kumpunguzia polepole na ndugu wa kutembea naye.

Yaliyo ndani ya uwezo wetu

Vita hatuwezi kuvisimamisha kwa makala. Lakini kamati za hospitali zetu zinaweza kuuliza, katika kikao kinachokuja, maswali manne: Je, kila aliyepasuliwa ana karatasi inayoonyesha maumivu yake na saa za dawa zake? Je, dawa ya ganzi inachomwa kwenye jeraha kabla ya kushona? Je, mofini na naloksoni zipo, na ufunguo uko kwa nani? Je, ripoti ya mahitaji inayopelekwa kwa mamlaka inaonyesha idadi ya kweli ya watu tunaowapasua? Swali la mwisho linaonekana la ofisini tu. Lakini inchi ikitangaza mahitaji madogo, itaruhusiwa kuagiza kidogo, na hospitali isiyohesabu wagonjwa wake imekubali kwamba hawahitaji.

Gadimaladi naye aulize kabla ya kutoka: dawa hii ni ya siku ngapi, nimpe saa ngapi, na nikiona ishara gani nirudi mbio? Akiwa mama anayenyonyesha, aulize kama dawa inapita katika maziwa. Vidonge vikibaki virudishwe hospitalini. Visipelekwe kwa shangazi mwenye mgongo.

Wenye farmasi waliomo katika makanisa yetu, na ni wengi, tunawaambia kwa upendo na bila kuzunguka: kumuuzia kijana tramadoli bila karatasi si huduma ya afya. Feza hiyo ikiletwa kwenye sadaka, haisafishiki kwa kupita katika kikapu. Na diakonia za parokia zifikirie kulipia dawa za juma la kwanza la mgonjwa maskini aliyepasuliwa, zile ndogo za bei ndogo, zichukuliwe katika farmasi ya hospitali yenyewe. Mgonjwa aliye na dawa hizo kwa saa zake hatamtuma mtu usiku kutafuta tramadoli.

Kwa wafadhili na wakufunzi wanaotuletea wito wa kupunguza, jibu letu liwe la adabu na la wazi. Tunaupokea, kwa masharti. Tuleteeni dawa ya ganzi, mafunzo ya kuichoma, kabati lenye ufunguo na wauguzi wa kutosha, ndipo dawa kali itapungua yenyewe. Msituombe tuanze kwa kumnyang'anya aliyekatwa mguu kile kidogo alichokuwa nacho.

Bwana awatie nguvu wauguzi wanaokesha usiku huu katika wadi za Ndosho, Kyeshero, Panzi na Nyankunde, na katika vituo vidogo ambavyo majina yake hayatangazwi. Na atupe sisi kuamka na kuuliza dawa ya saa nane imekwisha kutolewa kwa nani.